Herufi Moja ya Mzee Nduwayo

"Ufunguo anao nani? Si wewe?" Bibi Ernesta alifoka.

"Ninao, ndiyo! Wa kufagilia, si wa kuandikia!" Avelina alijibu, mikono kiunoni.

Zita, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akitoka kisimani na ndoo kichwani. Alisimama. Kijijini Mbuba hakuna ugomvi unaokosa watazamaji, na Jumamosi ile majirani walishajipanga kando ya migomba, mmoja na mwiko wake mkononi.

Nyuma ya wagomvi ilikuwa nyumba ya marehemu Danstan Nduwayo, mwandishi aliyesomwa nchi nzima. Bibi Ernesta, binti yake, aliitunza vilevile alivyoiacha: koti ukutani, miwani mezani, na karatasi ya mwisho aliyoiandika kwa mkono. Avelina, jirani yao, ndiye aliyeifagia.

"Maandishi ya baba yamechorwa kwa wino mwekundu! Lete ufunguo, usikanyage tena hapa!"

Wino ule ulikuwa wa Zita.

Jana darasa lao lilitembelea nyumba hiyo. Wenzake walipotoka, yeye alibaki mezani akasoma: "Karamu yangu isifungiwe ndani." Akacheka. Kumbe hata mwandishi mkubwa huchanganya r na l, kama watu wa kwetu! Mwandishi ana kalamu. Karamu ya nini? Basi yeye, bingwa wa imla darasani, akaikata r, akaandika l juu yake, akatoka akijiona mwalimu.

Sasa Avelina alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akamkabidhi Bibi Ernesta. "Miaka saba, Ernesta. Miaka saba!"

"Mimi nilijua tu," yule mwenye mwiko alinong'ona. "Hata chumvi yangu ilipotea wiki ile..."

Chumvi tena! Zita aliona jinsi kimya chake kilivyokuwa kikimzalia Avelina makosa mapya. Akatua ndoo.

"Shikamoo bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe umefanyaje?"

"Niliyeandika ni mimi. Nilidhani alikosea... nikamsahihisha."

"Mama yangu!" mtu akaguna. "Kamsahihisha Nduwayo!"

Hakuna aliyecheka. Bibi Ernesta aliketi kizingitini.

"Hakukosea," alisema taratibu. "Kila mavuno baba alipika akaita kijiji kizima, hata waliomsema vibaya. Alipougua aliogopa tutaacha. Karamu aliyoandika ndiyo hiyo."

Machozi yalimtiririka Zita. Kumbe aliharibu neno la mwisho la mtu, tena lililo sahihi!

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kujua si kosa. Kosa ni kusahihisha kabla ya kuuliza. Nami na mvi zangu nimefanya hilohilo: nimemhukumu jirani bila kumuuliza. Lakini umesema kweli mbele ya watu, mwenzako asibebe mzigo wako. Huo ndio uungwana. Kesho utaandika kikaratasi tukiweke kando ya kile cha baba, utaje jina lako na ulichokosea."

"Ndiyo, bibi."

Bibi Ernesta akamrudishia Avelina ufunguo kwa mikono miwili. "Nisamehe."

Avelina alimkazia macho yule mwenye mwiko, ambaye ghafla alikumbuka chungu chake akaondoka. Kisha akapumua.

"Ndizi na maharage vimeiva kwangu. Ernesta, twende. Nawe msahihishaji, futa machozi, nawa mikono, uingie ule."