Kadi ya Mama Adaugo

Kadi ya king'amuzi iliibwa Jumatano mchana, saa moja kabla ya filamu. Vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeufunika mji wa Enugu, na madishi, ambayo siku hizi yamejaa kila paa, yalionekana kama yanaelea.

"Kimeibwa nini kingine?" aliuliza Inspekta Ugonwa Eneh.

"Hakuna, mwanangu. Kadi tu," alisema Mama Adaugo. "Na saa tisa wanaonyesha filamu ya Adaugo!"

Adaugo, binti yake wa pekee, alikuwa mwigizaji. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Lakini chaneli ya kulipia ilimrudisha kila wiki kwa filamu hiyohiyo, amejifunga kitenge chake cha njano.

Inspekta alitazama king'amuzi. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimetandazwa juu yake, ncha zote nne sawasawa. Mwizi gani hutandaza kitambaa? Akainama. Chembe za kahawia. Akanusa, akapiga chafya.

Ugoro.

Uani, Mzee Ozoemena, mume wa mama huyo, alikuwa akichambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Kopo la ugoro lilikuwa kando yake.

"Baba, nani aliingia sebuleni?"

"Nitajuaje? Mimi mlinzi?"

"King'amuzi hukigusi?"

"Kile kidude? Hata kukiwasha sijui." Mkono wake ukaenda kushikilia kofia.

"Vua kofia, Baba."

"Kwa vumbi hili, nivue kofia?"

"Vua."

Kadi ikaangukia kwenye mboga.

Mzee akaiokota, akaifuta kwa kidole.

"Mwishoni mwa filamu wanamzika," alisema. "Mimi hukimbilia huku, lakini namsikia mke wangu akilia. Nimemzika mwanangu makaburini, halafu kila wiki anazikwa tena sebuleni kwangu. Nikasema, leo asizikwe."

Mama Adaugo alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee we! Mazishi hayo sijawahi kuyaona. Akianza tu kukohoa, nazima."

"Na kile kilio?"

"Nalia kwa sababu mimi ndiye ninayemzima."

Inspekta alifunga daftari bila kuandika neno.

Kadi ilirudishwa, na saa tisa waliketi wote watatu mbele ya televisheni. Adaugo alitokea taratibu, njano katika mwanga wa vumbi, ndoo kichwani.

"Mama!" aliita.

"Nipo," aliitika mama yake.

Mzee hakukimbia. Alimtazama akicheka, akisuka nywele, akipepeta mchele. Kisha Adaugo akakohoa. Mama Adaugo akainyanyua rimoti.

Mzee Ozoemena akaichukua polepole.

"Leo acha nimzime mimi," alisema.