Maji Chini ya Tangi

Alionzi alikuwa dereva wa gari la kukodi mjini Koboko. Kila asubuhi aliliosha gari lake kwa ndoo mbili za maji. Alipangusa vioo kwa gazeti, kisha akaenda steji kungoja abiria wa Arua. Madereva wenzake walimcheka. Walisema Alionzi huogesha gari kabla ya kuoga yeye mwenyewe.

Mwaka huo alivunjika mguu, na gari likakaa uani miezi minne. Mvua zilikuwa nyingi. Mfuniko wa tangi la petroli ulikuwa umepotea zamani. Alionzi aliziba mdomo wa tangi kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, akaufunga kwa kipande cha mpira.

Peace, mke wake, hakupenda jambo hilo.

"Nunua mfuniko," alisema. "Kaveera hapana zuia mvua."

"Nitanunua nikipona. Kwani gari iko natembea?"

Mguu ulipona. Mfuniko hakuununua.

Siku moja saa tatu asubuhi simu yake iliita. Alikuwa Candiru, dada yake mdogo. Candiru alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya kungoja miaka sita. Alikuwa kliniki, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaka, uchungu umeanza tangu jana. Mkunga anasema moyo wa mtoto unachoka. Nipelekwe Arua, wanipasue. Ambulensi iko njiani na mgonjwa mwingine."

"Nakuja sasa hivi," alisema Alionzi.

Gari liliwaka. Lakini petroli ilikuwa karibu kwisha, kwa hiyo alipita kwanza kwenye kituo cha Sulemani. Pale pampu alikuwapo Jolie, mama wa watoto wawili kutoka Congo. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka miwili.

"Jaza," alisema Alionzi. "Haraka."

Jolie aliona kaveera. Alilifungua, akalitazama, akamtazama Alionzi.

"Papa, hii petroli ya sasa iko na etanoli. Gari hii ilikaa siku mingi? Kama maji iko ndani, fundi aangalie tangi mbele ya ku..."

"Mama, nina mgonjwa! Mimi sikuja kusoma shule hapa. Jaza!"

Jolie alijaza. Alionzi akamchukua Candiru na mkunga mmoja, wakaondoka.

Kwa nusu ya safari gari lilikwenda vizuri. Kisha likaanza kushtuka kama mtu mwenye kwikwi. Mara likazimika. Alionzi alijaribu kuliwasha mara kumi, mara ishirini. Mashine ilizunguka tu, haikushika moto. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na mashamba ya mihogo. Hapakuwa na nyumba karibu.

"Kaka, fanya kitu," alisema Candiru kutoka kiti cha nyuma.

Alionzi alisimama katikati ya barabara akipunga shati lake. Magari mawili yalimpita. Baada ya saa nzima, lori moja lilisimama. Walimpandisha Candiru juu ya magunia.

Hospitalini Arua madaktari walimpokea upesi. Candiru aliokoka. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia.

Walimzika siku iliyofuata. Candiru alikuwa bado kitandani hospitalini. Hakuliona kaburi.

Siku ya tatu Alionzi alirudi mahali alipoacha gari. Alifungua bomba la petroli chini ya gari, akakinga chupa. Kilichotoka hakikufanana na petroli. Kilikuwa na ukungu, na uchafu mwekundu ulielea ndani yake. Sasa alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Alikwenda moja kwa moja Koboko, kituoni kwa Sulemani. Angelo, dereva mwenzake wa steji, alimfuata. Wengine nao wakafuata.

"Tazameni!" Alionzi alipaza sauti, akiinua chupa. "Hii ndiyo petroli ya huyu mama! Ametia maji! Ameua mtoto wa dada yangu!"

Jolie aliacha bomba la pampu. Uso wake ulibadilika.

"Papa, pole sana kwa mutoto. Lakini miye hapana tia maji. Magari mingi ilijaza hapa ile siku. Yote iko natembea. Mi nilikuambia..."

"Nyamaza!" alisema Angelo. "Hawa watu wa ng'ambo tunawajua. Wanauza nusu, nusu wanatia maji."

Jolie alimtazama Alionzi. Alingoja Alionzi aseme kwamba kweli aliambiwa kuhusu tangi. Alionzi alikumbuka. Lakini alifunga mdomo.

Watu walizidi kuwa wengi. Mmoja alipiga teke ndoo ya kituo. Sulemani, mwenye kituo, alitoka ofisini. Alikuwa mzee mpole, lakini aliogopa kwamba kituo kitachomwa moto.

"Jolie, nenda nyumbani," alisema. "Kazi imekwisha."

Jolie alivua koti la kazi. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaondoka.

Wiki iliyofuata gari la Alionzi lilikokotwa na lori mpaka Arua. Chini ya Arua Hill kulikuwa na gereji ya mama mmoja aliyeitwa Jenifer. Alikuwa fundi wa miaka mingi. Alionzi alitaka fundi huyo aandike kwamba petroli ilikuwa mbaya, ili apeleke barua hiyo polisi.

Jenifer hakuandika kitu. Aliteremsha tangi kwanza, akamwaga yaliyomo ndani ya beseni. Alifuta sakafu ya tangi kwa kitambaa. Kitambaa kikawa chekundu kwa kutu.

"Mfuniko wako uko wapi?" aliuliza.

"Ulipotea."

"Lini?"

Alionzi alitazama kile kitambaa chekundu.

Jenifer alichukua chupa safi inayoonyesha ndani. Alitia maji kidogo, akachora alama kwa kalamu pale maji yalipoishia. Kisha akaongeza petroli yake mwenyewe, aliyonunua mjini asubuhi hiyo.

"Hii imechanganywa na etanoli," alisema. "Ni pombe kali inayotengenezwa kwa miwa au mihogo. Katika lita ishirini, lita moja au mbili ni etanoli. Sasa tazama."

Alifunga chupa, akaitikisa, akaiweka mezani. Baada ya muda mfupi petroli ilikaa juu na maji yakakaa chini. Lakini maji yalikuwa yamepanda juu ya alama.

"Umeongeza maji?" aliuliza Alionzi.

"Sijaongeza. Etanoli inapenda maji. Imeiacha petroli, imeshuka, imejiunga na maji. Kwa hiyo kile kilicho chini kimekuwa kingi. Sasa fikiri tangi lako. Mvua iliingia. Maji yalilala chini kabisa, bomba halikuyafikia. Ungeweza kutembea nayo hivyo siku nyingi. Siku ile ulijaza petroli yenye etanoli. Barabara ikaitikisa. Maji yakanenepa mpaka yakafika kwenye mdomo wa bomba. Mashine ikanywa maji. Tena etanoli inaosha kutu. Kutu yako yote ikaenda kwenye chujio."

Alionzi alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Basi hii etanoli ni sumu," alisema. "Kwa nini watu wanaiweka?"

"Si sumu. Inaungua vizuri, moshi wake hauna madhara mengi. Mashine haigongigongi. Mkulima wa miwa na mihogo anapata mnunuzi, na nchi hainunui petroli yote kutoka nje. Hayo ni mazuri yake. Lakini hata mimi sipendi kila kitu chake. Gari linakwenda mwendo mfupi kidogo kwa lita zile zile. Gari la zamani lina mipira ya zamani, na etanoli inaikausha, inapasuka. Haifai kukaa tangini miezi mingi. Inataka tangi safi, kavu, lililofungwa. Ukiitunza, haina shida. Na usije ukamsikiliza mtu anayesema utie mwenyewe waragi, ile pombe ya kienyeji. Waragi ina maji ndani yake."

"Lakini labda pampu ile nayo ilikuwa na maji."

"Labda. Kuna mwingine aliyejaza hapo siku ile?"

Alionzi alimpigia Angelo simu. Angelo alikohoa kwanza. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alijaza pale pale asubuhi ile, akaenda Arua na kurudi.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Alionzi.

"Wewe ulikuwa unalia, bwana. Ningesema nini?"

Alionzi aliweka simu mfukoni. Jenifer alikuwa anafuta mikono.

"Yule mama wa pampu hakukuonya?" aliuliza. "Wengi wao wameambiwa kuonya watu."

"Alinionya," alisema Alionzi. Lilikuwa neno dogo, lakini lilimtoka kwa shida.

Jenifer alisafisha tangi, akabadilisha chujio na mipira yote, akafunga mfuniko mpya. Alionzi hakurudi Koboko moja kwa moja. Alikuwa amesikia kwamba Jolie yuko Vurra, mpakani. Alimwita Peace kutoka Koboko, wakaenda pamoja.

Walimkuta akiwauzia chai madereva wa malori wanaongoja forodha. Alionzi alimwambia yote, akiwa amesimama, mbele ya wateja.

"Nisamehe, mama. Ulisema kweli, na mimi nilijua."

Jolie aliendelea kumimina chai mpaka kikombe kikajaa.

"Ile siku watu ilinifuata mpaka kwa nyumba," alisema. "Batoto bangu ilisikia mama yao anaitwa muuaji. Wewe unakuja kusema hapa Vurra, kwa watu hawanijui. Enda sema kule Koboko."

"Nitasema. Na Sulemani atakurudisha kazini, nitamwomba."

"Miye hapana rudi. Wewe enda sema tu."

Alionzi alisema. Kesho yake alisimama steji ya Koboko saa mbili asubuhi, madereva wote wakiwapo, na Sulemani aliitwa. Alieleza habari ya kaveera, ya onyo, na ya kunyamaza kwake. Angelo alitazama viatu vyake. Kisha Alionzi alichukua chupa, maji na petroli, akafanya kama Jenifer alivyofanya. Madereva walisogea kutazama. Siku hiyo hiyo wanne walikwenda kununua mifuniko. Wawili walipeleka magari kwa fundi, na katika moja yalipatikana maji. Sulemani alibandika maandishi makubwa kwenye pampu: GARI LILILOKAA MUDA MREFU, ANGALIA TANGI KABLA YA KUJAZA.

Tangu hapo hakuna gari la steji ile lililozimika njiani kwa sababu ya maji.

Jioni ya siku ile aliyosema steji, Alionzi alikwenda kwa Candiru. Alimkuta amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Alimwambia kila kitu, kama alivyowaambia wengine.

"Huyo mama alikuambia kabla hatujaondoka?" aliuliza Candiru.

"Aliniambia. Nilimkatiza."

Candiru aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa, akaendelea kuchambua.

Mwezi uliofuata Candiru alitakiwa kurudi Arua, daktari atazame kidonda cha upasuaji. Alionzi alileta gari mlangoni mapema. Tangi lilikuwa safi, petroli imejaa, mashine inaunguruma taratibu. Candiru alitoka na mkoba wake. Alimsalimu kaka yake kwa adabu, akapita kando ya gari, akaenda kupanda basi.