Faili ya Mzee Wanzala

Ilikuwa Jumanne kama Jumanne zote, jua kali asubuhi, na kila mtu Khayega akijua kwamba ikifika saa tisa mvua haina mjadala. Muhonja, mtoto wa binti yangu, alikuwa peke yake katika saiba, duka la kompyuta anakochapa barua na programu za mazishi.

Kazi alifunzwa na Mukhwana, yule tuliyemzika Machi na saa yake ya mkanda mwekundu mkononi. Ndiye aliyemweleza rangi za majina kwenye kompyuta. "Jeusi ni faili ya kawaida. La buluu limebanwa, lisijaze mashine. La kijani limefungwa, na aliyelifunga peke yake ndiye hulifungua. Hilo usiguse."

Wiki iliyotangulia, Osiako alikuja mbio. Babake, mzee Wanzala, alikuwa hospitalini akipumulia mashine.

"Dadangu, tutengenezee programu mapema."

"Lakini mzee hajafa!"

"Ijumaa foleni yako hufikanga sokoni. Andika tu, siku uache wazi."

Akaandika. Picha, watoto, nyimbo, kila kitu. Mzee naye akapona! Jumatatu akaitisha obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, kama bwana harusi.

Basi Jumanne hiyo Muhonja akaenda kuifuta ile faili, akicheka peke yake. Jina la Wanzala lilikuwa la kijani.

Yeye hakulifunga.

Akabonyeza kufuta. Mashine ikakataa. Mwenye faili, ilisema, ni Mukhwana.

Mvua ikashuka. Upepo ukaubamiza mlango wa chuma. Akausukuma. Akaupiga teke. Akaita, bati likameza sauti yake. Stima ikapotea, feni ikasimama.

Kompyuta haikuzimika.

Herufi za Wanzala zikaanza kufutika, moja moja. Zikaja nyingine. M. U. H. O.

Akanipigia simu mimi nyanya yake, akinong'ona. "Kukhu, jina langu linajiandika."

Aliponieleza yote, nikamwambia, "Mama, umemchimbia kaburi mtu aliye hai. Kaburi likichimbwa halilalangi tupu. Mwenyewe asipoingia, sisi huzika mgomba."

"Kukhu, niko ndani. Mgomba nitoe wapi?"

"Andika! Uandike juu ya jina lako!"

Faili ikafunguka yenyewe. Siku ya mazishi: leo. Picha ya mzee haikuwepo. Palikuwa na kiti cha Muhonja, mgongo wake, nywele alizosuka juzi. Aliyepiga picha alisimama nyuma yake.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu.

Hakugeuka. Akaandika: MGOMBA.

Jina likawa jeusi. Mlango ukafunguka polepole, kama umefunguliwa na mtu mpole.

Asubuhi, mgomba wa nyuma ya saiba haukuwepo, umekatwa shinani. Kando yake, tuta jipya la udongo mwekundu, urefu wa mtu. Tope lote lile, na hakuna alama ya mguu hata moja. Osiako akalichimba, akijifanya hana woga. Chini alikuta mgomba umelazwa vizuri, na juu yake karatasi ya programu, kavu kabisa.

Ilikuwa ile picha ya mgongo wa Muhonja. Sasa begani pake palikuwa na mkono, na kwenye mkono huo saa ya mkanda mwekundu.