Mzinga wa Saba wa Mihayo

Zama zile magobori yalipoanza kufika bara, na kila mwenye bunduki mbili akajiona mfalme, ngome ya Isenga ilizingirwa siku kumi na moja. Adui walishika kisima. Watu wakabaki kulamba umande kwenye majani ya mtama.

Aliyewaokoa hakuwa askari. Alikuwa Mihayo, mrina asali, mwembamba kama mpini wa jembe, mtu wa kukimbizwa hata na mkewe. Alipanda mwamba uliosimama kati ya ngome na kambi ya adui, jua la mchana likiwaka, mzinga wa magome mgongoni, nyuki wakinguruma humo ndani, risasi zikichonga mawe miguuni pake. Akautupa kambini. Akateremka, akapanda na mwingine. Mara saba. Adui wakatupa magobori, wakatupa nguo, mwisho wakatupa na heshima, wakatimua mbio.

Siku ya tatu baada ya ushindi Mtemi Lugundula alitaka kumvika kibangwa, kombe jeupe la baharini wavaalo mashujaa. Lakini desturi ya Isenga ilikuwa kali: shujaa husimama juu ya ngozi ya simba, akasimulia tendo lake lote, na waliokuwepo wakaitikia kila hatua. Akificha jambo, kibangwa hakipati, na ataitwa mwongo hadi kaburini.

Hapo jasho likamtoka Mihayo. Mzinga wa saba, risasi ilipompata begani, ulimponyoka ukaangukia ndani ya ngome, uani kwa Mtemi. Na nchi nzima ilikuwa ikiimba jinsi Mtemi, wakati huohuo, alivyochomoka langoni peke yake, bila ngao, akipiga ukelele wa vita.

Mkewe, Kalekwa, alipokuwa akimfunga shuka alimnong'oneza, "Wewe taja sita, ushuke."

Akapanda ngozini. Akasimulia mzinga wa kwanza, watu wakaitikia. Wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Akapapasa kidonda chake.

"Wa saba, Mtemi wangu, uliniponyoka. Ulipoangukia, anapajua aliyekuwa jirani."

Hakuna aliyeitikia. Askari wakatazama vidole vyao vya miguu. Mtemi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama, watu wakidhani ni kwa kumheshimu shujaa, akakohoa.

"Kweli," akasema. "Na huyo jirani hajaweza kukaa mpaka leo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, wazee wakashikana mabega wasianguke. Mtemi akamfunga Mihayo kibangwa kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia taratibu, "Mimi nilikuwa nawakimbia, Mihayo. Wewe uliwabeba mgongoni."

Waimbaji wa Isenga waliendelea kuimba lile shambulio la Mtemi, tena kwa ngoma kubwa. Lakini wakeze, waliokesha wakimchomoa miiba ya nyuki, walilisimulia vizuri zaidi.