Sufuria ya Binti wa Muuza Nyama

Mzee Steki ni muuza nyama wa mtaa wetu. Binti yake ni fundi rangi, tena fundi kweli, si wa kubahatisha. Lakini hali nyama. Mtaa mzima ulicheka.

Jioni moja, mzee alimpakulia maharage. Binti alionja, akaweka kijiko chini.

"Baba, humu mna supu ya mifupa."

"Kidogo tu, mwanangu. Jana ulishikwa na kizunguzungu juu ya ngazi. Ungeanguka je?"

"Wengine huacha nyama kwa ajili ya dini, wengine afya. Mimi nawaonea huruma wanyama."

"Kumbe mimi sina huruma? Nyama ndiyo iliyokulea!"

"Sikulaumu, baba. Ila usinidanganye kwenye sahani yangu."

Neno hilo lilimchoma mzee. Usiku huo hakula.

Asubuhi walikwenda zahanati. Muuguzi, jirani yao, alimpima binti. Damu ilikuwa imepungua.

"Unakula nini, mwanangu?"

"Mkate na chai ya rangi. Jioni wali. Maharage mara mojamoja."

"Basi hujaacha nyama tu, umeacha na chakula!"

Mzee akadakia, "Si nilisema? Arudi kwenye nyama!"

"Subiri, kaka. Anaweza kuishi vizuri bila nyama, mradi ale vyakula mbalimbali. Maharage, kunde au dengu kila siku. Karanga. Mboga za majani. Tunda kama chungwa pamoja na chakula, linasaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai asinywe na chakula, asubiri kwanza. Mayai na maziwa unatumia?"

"Natumia."

"Vizuri. Asiyetumia hivyo aje tumshauri kuhusu vidonge vya vitamini B12. Wewe nitakupa dawa ya kuongeza damu, na urudi tukupime tena."

Walipotoka, mzee alinunua sufuria mpya. "Hii ni yako peke yako," alimwambia binti. "Nisamehe, mama." Tangu siku hiyo, mzee mwenyewe ndiye anayemlowekea kunde.

Damu ya binti ilirudi, kizunguzungu kikaisha. Sasa anapaka rangi ghorofa lililo mbele ya bucha ya baba yake.

Juzi mteja mmoja alimtania mzee. "Hata binti yako kaisusa nyama yako?"

Mzee alinyoosha kidole juu kabisa ya lile ghorofa.

"Unamwona yule? Ndiye! Kashikilia lake, hata mimi babake sikumweza. Msimamo huo kautoa wapi, kama si kwangu?"