Kadi Nne za Mama Kétsia

Ndugu zangu, tuanze pale palipokuwa na utulivu, maana hata katika ile miaka ya vita utulivu ulikuwapo. Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, baada ya misa, Consolée alikuwa barazani kwake Kitshanga akigeuza jibini, ambazo kwao huitwa fromaji. Alikuwa nazo kumi na mbili, za mviringo, zimetoka Kirolirwe, zimepangwa juu ya ubao mrefu. Kila moja aliipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, akaigeuza ili isipasuke, kisha akashika nyingine. Wafanyabiashara wa Goma walimjua kwa jibini zake.

Kwenye baraza ya jirani, Epiphanie alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani. Huyu Epiphanie, ambaye watu walimwita Mama Trésor kwa jina la mwanawe, alikimbia Bihambwe miaka mitatu nyuma. Aliacha shamba, mbuzi na kaburi la mume wake, lakini cherehani aliibeba kichwani mpaka Kitshanga. Siku alipofika, Consolée ndiye aliyempa sahani ya kwanza ya maharage. Tangu hapo walikuwa kama ndugu. Hata mtoto wa Consolée, Kétsia wa miaka miwili, alikuwa akishinda miguuni pa Epiphanie akichezea vipande vya vitambaa.

Wiki hiyo Consolée alikuwa amemaliza kulipa kadi yake ya kwanza. Kwa asiyejua, pale Kitshanga kulikuwa na vikundi vingi vya akiba na mkopo. Kila kikundi kilikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila mkopaji alipewa kadi yenye visanduku vidogo. Ukilipa kila wiki, unagongewa muhuri. Kikundi cha Consolée kilikutana Jumatatu, na mwandishi wake alikuwa mzee mmoja mkulima, Papa Nzabandora, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mama Kétsia, umelipa muzuri," alimwambia siku ya muhuri wa mwisho. "Sasa upumuzike. Karte ingine ukuje kuomba mwezi wa kenda, mvua ikianza. Wakati ile majani iko mingi, maziwa iko mingi, fromaji iko bei ya chini. Unanunua, unaiacha ikomae, unauzisha Noeli."

"Papa Nzabandora, miezi munane iko mingi."

"Iko mingi, ndiyo. Lakini hautakufa. Na usisahau sheria yetu: vita ikikaribia, tunavunja sanduku. Kila muntu anarudisha kitu alikopa, tunagawanya, kila moya anakimbia na yake."

Consolée alisema ndiyo. Sheria hiyo aliisikia kama sisi tunavyosikia matangazo ya mwisho kanisani, tukiwa tayari tunavaa viatu.

Hapa ndipo utulivu ulipoanza kumponyoka, na mkosaji hakuwa vita. Kadi ya kwanza ilimletea sifa. Sokoni watu walisema huyu mama analipa. Kikundi cha Jumatano, nyuma ya soko, kikamwita chenyewe: njoo, tutakupa kadi. Ilikuwa mwezi wa pili, jua limekausha malisho, ng'ombe wanatoa maziwa kidogo, na jibini iko ghali. Mwanamke mwenye akili kama Consolée alilijua hilo vizuri. Lakini kuna utamu katika kuaminiwa, na utamu huo ulimlewesha. Alichukua kadi kwa rehani ya jibini za barazani kwake, akanunua nyingine kwa bei ya juu, akaziuza bila faida.

Alipokosa cha kulipa Jumatano, alichukua kadi ya kikundi cha Ijumaa. Aliweka rehani zile zile jibini alizokuwa amewawekea watu wa Jumatano. Alijiambia ni kwa muda tu. Fiston, mume wake, alikuwa dereva wa pikipiki wa njia ya Mweso, akirudi nyumbani amechoka na vumbi, naye hakuambiwa kitu. Kadi zile mbili zilifichwa chini ya mfuko wa chumvi.

Basi wiki ya Consolée ikageuka. Alichokopa Ijumaa alikilipa Jumatano, na Alhamisi alianza kutafuta cha Ijumaa. Mtu akibisha hodi, alichungulia kwanza kabla ya kuitikia. Kétsia akilia, alimfokea, kisha akajuta na kumbeba. Na bado, katika hofu ile yote, alijiona mjanja, kwa sababu siku zilikuwa tofauti. Jumatano haikukutana na Ijumaa. Alifikiri mradi siku hazikutani, madeni nayo hayatakutana.

Mwezi wa tano aliomba tena kwa Papa Nzabandora. Mzee alimtazama juu ya miwani. Alijua bado ni mapema, lakini rekodi ya Consolée ilikuwa safi na wenzake walikubali, kwa hiyo kadi ya Jumatatu ikafunguliwa upya. Hiyo ikawa ya tatu. Mwezi wa sita akaenda kwenye kikundi cha Jumanne, cha akina mama wa kambini, wakimbizi kama Epiphanie. Hao walikuwa waangalifu. Walisema hawataki jibini, wanataka mdhamini mwenye kitu kinachoonekana kwa macho.

Consolée alimwendea Epiphanie na karatasi mkononi. Cherehani ilinyamaza.

"Mama Kétsia, hii iko karte ya ngapi?"

Ndugu msomaji, hapo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa. Angesema nne, Epiphanie angeshika kichwa, wangelia pamoja, na pengine wangekaa na Fiston na Papa Nzabandora wakatafuta njia. Consolée aliitazama karatasi.

"Iko ya pili, Mama Trésor. Ya kwanza nilishamaliza."

"Basi nasinya. Ile siku tulifika hapa, Trésor alikula juu yako."

Alitia sahihi kwa herufi kubwa, polepole, na chini yake wakaandika: mashine moja ya kushona. Consolée alishukuru akaondoka haraka. Tangu siku hiyo alikuwa akipita nyuma ya nyumba ili asisikie ile cherehani ikienda.

Sasa alikuwa na kadi za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Kati ya siku za kazi, Alhamisi tu ndiyo haikuwa na kadi, na siku hiyo angalau hakudaiwa na mtu.

Mwezi wa saba, Jumatano jioni, watu wa Kirolirwe walianza kuingia mjini na magodoro kichwani na ng'ombe mbele yao. Walisema barabara ya Sake imefungwa na milio ya bunduki imesikika karibu. Fiston alirudi bila abiria. "Kesho ao kesho kutwa, hata sisi tutatoka," alisema, akaanza kufunga vyombo. Consolée alisimama katikati ya chumba akiwa ameshika sufuria, hajui aiweke wapi. Hakuwa akiwaza bunduki. Aliwaza sanduku.

Na kweli, asubuhi ya Alhamisi, vikundi vyote vinne vilivunja masanduku yao. Hakuna aliyepanga kumkomoa Consolée. Kila kikundi kilitaka watu wake wakimbie wakiwa na kitu mfukoni, na siku ya kukimbia haisubiri Ijumaa. Zile siku nne alizokuwa akizitenga kwa ujanja zilikuwa siku moja.

Saa tatu watu wa Jumatano walifika wakabeba jibini zote thelathini, wakisema hata hazitoshi. Saa nne watu wa Ijumaa walifika kuchukua jibini hizo hizo, wakakuta mbao tupu zenye alama za mviringo. Walipaza sauti, majirani wakatoka. Papa Nzabandora naye alifika na daftari kwapani, na Fiston akasimama mlangoni akiangalia watu wa vikundi vitatu wanaomdai mke wake.

"Mama Kétsia, uko na karte ngapi?" aliuliza mzee.

Consolée aliinua mfuko wa chumvi. Kadi zilikuwa zimelowa na kunuka jibini. Fiston alizihesabu, akazihesabu tena, kisha akachukua ufunguo wa pikipiki, akauweka mkononi mwa Papa Nzabandora.

"Muiuzishe. Mugawane, nyinyi na bale ba Ijumaa," alisema, akaingia ndani bila kumtazama mke wake.

Wale wa Jumanne hawakufika kwake. Walikwenda moja kwa moja kwa Epiphanie. Walikuwa wanne, wameshika ile karatasi, na mmoja wao alikuwa na machozi.

"Mama Trésor, utusamehe. Hata sisi tunakimbia, na batoto betu bako na njaa."

Epiphanie alisoma sahihi yake. Jirani zake walikuwa wamekwisha kumwambia habari za kadi nne. Alichukua bisibisi, akafungua skrubu yeye mwenyewe, akaitoa cherehani mezani na kuifuta mafuta kwa upindo wa kitenge chake kabla ya kuwapa. Consolée aliyaona yote hayo akiwa nyuma ya ukuta wa mbao. Hakutoka.

Kesho yake mji ulikimbia. Njia ya Mweso ilijaa watu, mbuzi, sufuria na watoto. Fiston alitangulia na godoro na mfuko wa unga. Consolée alifuata, Kétsia mgongoni, furushi kichwani, na mbele yake, hatua kumi, akamwona Epiphanie akitembea na Trésor. Hakuwa amebeba chochote. Mikono yake ilining'inia tu. Consolée alitamani kubaki nyuma, lakini umati ulimsukuma mpaka wakawa bega kwa bega.

Kisha Epiphanie akasema, akiangalia mbele:

"Kutoka Bihambwe, ile mashini iliniumiza shingo wiki mbili. Leo njia iko nyepesi."

Hakusema kwa hasira.

"Ilikuwa karte ya ine, Mama Trésor. Nilikudanganya."

"Nilijua jana, mbele ya batu bote." Alitembea hatua chache zaidi. "Unipatie mutoto. Umechoka, na mikono yangu haina kazi."

Alimchukua Kétsia mgongoni akamfunga vizuri. Consolée alilia njia nzima hadi Mweso, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu siku hiyo wengi walikuwa wakilia.

Miaka miwili ilipita. Walirudi Kitshanga, wakakuta baraza zimeoza. Fiston sasa alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mgongo ulikuwa ukimuuma kila jioni. Epiphanie alilima mashamba ya watu kwa ujira wa siku. Alisalimiana na Consolée, lakini hakumtolea tena kiti barazani kwake.

Consolée alimalizia madeni ya zamani kwa kuuza mboga. Vikundi viwili vilimwita tena, akakataa. Alingoja mwezi wa kenda, mvua ikaanza, ndipo akaenda kwa Papa Nzabandora na Fiston ubavuni mwake kuomba kadi moja. Jibini zilikomaa, zikauzwa kwa Noeli, na mwezi wa kwanza aliingia uani kwa Epiphanie akiwa na kitu kizito kilichofungwa kwa gunia. Ilikuwa cherehani, si mpya, lakini nzima.

Epiphanie alizungusha gurudumu. Akaitazama sindano. Kisha akamtazama Consolée machoni, kwa mara ya kwanza tangu ile njia ya Mweso.

"Hii umeikamata na karte ya ngapi?"

Consolée hakutegemea tena mdomo wake. Alitoa kadi kifuani, akaikunjua mezani. Ilikuwa moja, na kila kisanduku kilikuwa na muhuri, hadi cha mwisho. Epiphanie alipitisha kidole juu ya mihuri yote, taratibu, bila kuruka hata mmoja. Halafu akavuta kiti akamsogezea.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mkopo si dhambi. Kadi ya kwanza ya Consolée ililisha nyumba, na ya mwisho ilirudisha cherehani. Zilizovunja nyumba ni zile za katikati, zilizoombwa kwa sababu watu walimsifu, au kwa sababu kadi nyingine ilikuwa ikidai. Omba kadi mpya wakati ile ya zamani imekwisha na msimu wa kazi yako umefika, na uombe ukiwa na mwenzako wa nyumbani. Kama unaiomba ili kuilipa nyingine, hapo tayari umechelewa, nenda ukaseme ukweli.

Usidanganywe na siku kuwa tofauti. Hapa kwetu siku zote zinaweza kuwa siku moja, na siku hiyo wanaodai watabisha kwa yule aliyekuamini. Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi, jiulize lile swali la Epiphanie, kisha lijibu kwa sauti mbele ya mtu anayekupenda: hii ni kadi ya ngapi? Ukiona sauti inakwama, rudi nyumbani ukageuze jibini ulizo nazo.