Yunis Anataka Kuulizwa

Asubuhi ukungu ulitoka mtoni Mkondoa na kupanda polepole mpaka kwenye reli. Ulifunika stesheni ya Kidete. Ulifunika mashamba ya mahindi. Vilele vya milima tu vilibaki, kana kwamba vimening'inia hewani bila kushikwa na kitu. Yunis aliipenda saa hiyo. Alijitwika debe lake la maji, akatembea katikati ya weupe ule bila kuiona miguu yake.

Ulikuwa mwezi wa Desemba, mwaka 1970. Yunis alikuwa na mawazo mengi. Mumewe, Yeremia, alikuwa amebadilika. Hakuwa mkali, lakini alikuwa kimya mno. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minne. Mahari ilitolewa kimila, wazee wakakubaliana, basi. Hawakuwa na cheti wala hawakuwahi kukihitaji. Binti yao, Elizabeti, alikuwa darasa la sita.

Siku moja Yeremia alileta nguzo kutoka mlimani. Akazilaza nyuma ya nyumba.

"Baba Eliza, hizi nguzo ni za nini?" Yunis aliuliza.

"Za ghala."

"Ghala tunalo."

Yeremia aligeuka. Alichukua jembe akaenda shambani.

Jibu Yunis alilipata mtoni, kwa jirani yake Paulina. Paulina alikuwa akisuuza nguo, na macho yake hayakutoka kwenye maji.

"Mama Eliza, heri ulisikie kwangu. Mumeo anataka kuoa binti wa kijiji cha Lumuma. Wamekwisha kuzungumza na baba wa binti."

"Mbona haraka hivyo?"

"Si yeye peke yake. Wanaume wanasema serikali inaleta sheria ya ndoa. Ikipita, hakuna kuoa mke wa pili tena. Wengine wanasema mwanamke akiandikishwa atachukua nusu ya shamba. Kwa hiyo kila mtu anawahi."

Yunis alitazama maji yakipita. Jani moja lilizunguka polepole, likasita kwenye jiwe, likaenda zake. Alitamani kukaa pale mpaka jioni. Lakini mahindi yalikuwa yakingoja palizi, akainuka.

Wiki ile Marko, mwenyekiti wa tawi la TANU, alipita nyumba kwa nyumba. Alitangaza kwamba mbunge angefika kwa treni siku ya Jumamosi. Alikuwa anakuja kueleza mambo yanayobishaniwa nchini.

"Waje wanaume na wanawake," Marko alisema. "Mbunge mwenyewe ameagiza hivyo."

Jumamosi mvua ilinyesha. Watu walijaa ndani ya ghala la ushirika, wakakaa juu ya magunia matupu. Wanaume walikaa mbele na wanawake nyuma. Harufu ya pamba ya msimu uliopita ilikuwa bado hewani, na mwanga uliingia kwa shida, kwa hiyo nyuso za watu zilionekana kama kwa mbali.

Mbunge aliitwa Theodory. Zamani alikuwa mwalimu, na bado alisimama kama mwalimu. Aliwaamkia wazee shikamoo kwanza. Kisha akaanza.

"Ndugu zangu, nimekuja kuwaeleza ubishi ulioko. Mwezi ujao tutakutana Bungeni, na jambo kubwa litakuwa sheria ya ndoa. Nani hapa amesikia habari zake?"

Mikono mingi iliinuka.

"Mmesikia nini?"

"Kwamba wake wa pili watafukuzwa," mzee mmoja alisema.

"Hapana. Aliyekwisha kuoa wake wawili atabaki nao. Nini tena?"

"Kwamba mke akipata cheti, anapewa nusu ya shamba," alisema mwingine.

"Cheti hakigawi shamba. Cheti kinathibitisha kwamba fulani na fulani ni mume na mke, ili baadaye mtu asikane. Tena sikilizeni vizuri. Sheria hii haijapita. Haya ni mapendekezo tu. Sisi wabunge tunaweza kuyakubali, kuyakataa au kuyabadilisha."

Yunis alimwona Yeremia akiinua kichwa.

Mbunge alieleza taratibu. Mapendekezo yalitaka ndoa zote ziandikishwe, ziwe za kimila, za kanisani au za msikitini. Yalitaka pia binti asiolewe mpaka mwenyewe akubali.

"Hayo hayana ubishi mkubwa," alisema. "Ubishi uko hapa. Imependekezwa kwamba mwanamume akitaka kuoa mke mwingine, mke aliye naye aulizwe kwanza. Wengine wanasema, huko ni kuingilia dini na mila, mwanamume hawezi kuomba ruhusa nyumbani kwake. Wengine wanasema, nyumba ni ya wawili, mmoja hawezi kuigeuza peke yake. Watu wenye akili wako pande zote mbili."

"Na wewe, Ndugu Mbunge?" Marko aliuliza. "Uko upande gani?"

Mvua ilipiga bati.

"Nilikuwa napinga. Nilisema jambo hili litavuruga nyumba za watu. Halafu nikajiuliza, haya nimeambiwa na nani? Wote walioniambia ni wanaume. Wanawake wa jimbo langu sijawasikia. Ndiyo maana nimetaka waje."

Yunis alikuwa akisikiliza mvua. Alisikia kama inamnyeshea mtu mwingine, mahali pengine. Kisha akajikuta amesimama. Hakukumbuka kuamua kusimama.

"Naitwa Yunis," alisema. "Nataka kusema kidogo. Mimi nataka kuulizwa."

Mwanamume mmoja akacheka. "Ukiulizwa si utakataa tu?"

"Sijui kama nitakataa," Yunis alijibu. "Siwezi kujua, kwa sababu sijaulizwa. Tulipofungua shamba nililima. Mtoto alipougua nilimbeba mpaka Kilosa. Nyumba nzima imepita mikononi mwangu. Halafu habari ya nyumba yangu naipata mtoni."

Hakuna aliyecheka tena. Mbunge aliandika katika daftari lake.

"Mama, unaniruhusu niyaseme maneno haya Bungeni?"

"Nakuruhusu."

Walirudi nyumbani kwa kufuata reli. Mvua ilikuwa imekatika, na mvuke ulipanda kutoka ardhini. Yeremia alitangulia. Baada ya muda alipunguza mwendo.

"Nilikuwa nakimbizana na sheria ambayo haipo," alisema. "Waliniambia mlango unafungwa. Nikaogopa kubaki nje, hata kabla ya kujua kama nataka kuingia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utalia."

"Ningelia. Kisha tungezungumza."

Yeremia akasimama. "Basi nakuuliza sasa, Mama Eliza. Unasemaje?"

Yunis hakujibu siku ile. Lilikuwa swali geni, alitaka kukaa nalo. Kwa siku tatu alilibeba shambani na mtoni. Alimfikiria yule binti wa Lumuma, ambaye huenda naye hakuulizwa. Siku ya nne, walipokuwa wakipalilia, akasema:

"Sikubali. Shamba letu ni ekari tatu, halitoshi nyumba mbili. Eliza anasoma. Tena sitaki kugawana mume na mwingine. Hiyo ndiyo sababu kubwa."

Yeremia aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Kesho yake alikwenda Lumuma mwenyewe, kwa miguu, kumwomba radhi baba wa binti. Alirudi amechoka na mwenye haya. Zile nguzo alizijengea banda la kuku.

Mwaka uliofuata sheria ilipita. Mbunge alirudi Kidete, akawaeleza yaliyotokea.

"Maneno ya Mama Yunis niliyasema," alisema. "Tulibishana sana. Pendekezo halikupita kama lilivyoandikwa. Lakini sasa mtu akitaka kuoa lazima atoe taarifa siku ishirini na moja kabla. Na mke aliye naye anaweza kupeleka pingamizi, akiwa na sababu zinazotajwa na sheria. Msingoje mtu wa njiani awaelezee sheria. Njooni muulize, au nendeni ofisi ya wilaya."

Sheria ilianza kutumika mwezi wa Mei 1971. Baada ya mavuno, Yunis na Yeremia walipanda treni kwenda Kilosa. Waliandikisha ndoa yao. Kisha wakaenda mbele ya hakimu, kwa sababu ndoa ya kimila ilihesabiwa kuwa ya wake wengi mpaka wenyewe watamke vinginevyo.

Hakimu alimtazama Yeremia. "Mnataka ndoa yenu itambuliwe kuwa ya mke mmoja?"

"Mheshimiwa," Yeremia alisema, "naomba umuulize mke wangu kwanza."

Hakimu akamgeukia Yunis. Nje, treni ya mizigo ilikuwa ikipita, na dirisha lilitetemeka kidogo. Yunis alingoja ipite, ili asikike vizuri.

"Ya mke mmoja," alisema.

"Na wewe, bwana?"

"Nami ndivyo ninavyotaka," alijibu Yeremia.

Hakimu akachovya kalamu, akaandika.